Mtu wa Kwanza Kutoka Mlangoni

Juzi nilisimama sokoni mbele ya mama mmoja aliyekuwa ameteremka kutoka Yanonge asubuhi ileile. Alipofunua kikapu chake, harufu ya samaki wa moshi ilinipanda puani nikasahau nilichokuja kununua. Ilikuwa harufu ya baba yangu. Papa alifanya kazi ya mto maisha yake yote, akipanda na kushuka kati ya Isangi na Kisangani katika zile mashua ndefu za mbao zenye injini tunazoziita baleinière. Alileta samaki, mchele na mafuta ya mawese, akarudisha chumvi, sabuni na betri. Sasa hayupo. Tulipomzika, nililia kidogo tu, na watu wakanitazama vibaya. Hawakujua kwamba kilio changu kikubwa juu ya baba yangu nilikilia zamani, nikiwa na miaka tisa, katika zile wiki ambazo niliamini kwamba anataka kunichoma moto.

Tulikaa katika komini ya Tshopo, mjini Kisangani, upande ambao mvua ikikatika unasikia maji ya bwawa yakinguruma mbali, kama lori ambalo halifiki. Mimi nilikuwa mtoto wa kwanza. Baada yangu walikuja wadogo zangu wawili wa kiume, Didi na yule mchanga. Papa alipokuwa safarini, sikio langu lilikaa barabarani. Nilijua kikohozi chake kabla mama hajakisikia. Kila aliporudi, mimi ndiye niliyetoka mlangoni kwanza, nikakimbia mpaka kwenye magoti yake, naye akaninyanyua na mizigo yake yote mgongoni na kuniita mama mudogo, kama baba anavyomwita binti anayempenda.

Siku ninayoisema mvua ilikuwa imenyesha tangu asubuhi. Nilisikia kikohozi, nikatoka mbio. Papa alikuwa anakuja kwa miguu, hana mzigo, hana viatu, na shati lake limepasuka kutoka kwenye kola mpaka chini. Nilinyoosha mikono. Hakuninyanyua. Alinitazama, akaweka kiganja mdomoni, kisha akakaa chini kwenye matope, mtu mzima, katikati ya njia.

"Ee Mungu wangu," alisema. "Mutoto wangu."

Mama akaja, akamwinua, akamwingiza ndani. Kwa maneno yaliyokatikakatika tulielewa. Chini kidogo ya Yanonge mashua ilikuwa imegonga gogo lililozama, ikafunguka ubavuni. Papa alishika bidoni, dumu tupu la njano, akaelea nalo mpaka watu wa pirogi, mtumbwi wa kuchonga, wakamfikia. Watu wawili hawakuonekana tena.

"Ndani ya maji nilisema na Mungu," Papa alimwambia mama.

"Ulimwambia nini?"

Papa alinitazama. Namkumbuka alivyonitazama kuliko ninavyokumbuka maneno. "Mutoto aende kucheza kwanza," alisema.

Nikazunguka nyuma ya nyumba na kubandika sikio ukutani. Nilisikia mvua juu ya mabati, basi. Lakini siku ile nilijifunza kwamba katika nyumba yetu kuna neno linalonihusu ambalo sitakiwi kulisikia.

Kanisa letu lilikuwa dogo, la mbao na mabati, karibu na barabara ya kwenda bwawani. Watoto tulifundishwa nyuma, kwenye benchi tatu, na dada mmoja fundi wa nguo aliyeitwa Odette. Tulimwita Yaya Odette, kama watoto wa Kisangani wanavyomwita kila dada mkubwa. Huenda hakuwa amefika miaka ishirini na mitano. Alikuwa na kigugumizi, na watu wazima walizoea kumalizia sentensi zake. Ila alipotusimulia habari za zamani, ulimi wake ulifunguka kidogokidogo kama bomba lililokuwa na mchanga.

Msimu ule alikuwa akitupitisha katika siku za waamuzi, wakati Waisraeli hawakuwa bado na mfalme na kila mmoja alifanya aliloliona yeye kuwa jema. Tulizipenda habari zile. Watu wanamsahau Mungu, adui anawakalia shingoni, wanalia, na Mungu anamsimamisha mtu ambaye hakuna aliyemtegemea: mwenye mkono wa kushoto, mwanamke, mtu mwoga aliyejificha akipura ngano yake. Yaya Odette alipenda hasa jambo hilo, kwamba Mungu huwachagua watu ambao wengine wanawakatiza maneno.

Jumapili ile ilikuwa zamu ya Yeftha. Alitueleza jinsi ndugu zake walivyomfukuza nyumbani, na jinsi walivyokuja kumbembeleza arudi vita ilipowashinda. Na jinsi, kabla ya kwenda kupigana, alivyofungua kinywa chake na kumwambia Mungu: ukinipa ushindi, chochote kitakachotoka kwanza mlangoni kwangu kunilaki nitakutolea, nitakiteketeza kwa moto.

"Akashinda," alisema Yaya Odette. "Akarudi. Na nani alitoka?"

Tulitazamana.

"Binti yake. Hakuwa na mtoto mwingine. Alitoka akicheza na matari kumpokea baba. Yeftha alipomwona akapasua nguo yake, akasema, ole wangu, mwanangu, umeniangusha."

Nilihisi benchi likizama chini yangu. Niliona shati la Papa, lililopasuka toka kwenye kola mpaka chini. Nilimwona akikaa kwenye matope.

"Alimuchoma?" mtoto mmoja aliuliza.

Yaya Odette alifungua kinywa. Kigugumizi kilimrudia. "Ma... maandiko yanasema alifanya kama alivyoahidi. Binti aliomba miezi miwili aende milimani na wenzake kulilia ujana wake. Kisha akarudi." Akafunga kitabu. "Mimi siipendi hii hadithi. Lakini iko mule ndani, siwezi kuwafichia."

Aliongeza kitu kingine, neno refu lililomchukua muda kulitoa. Sikulisikia. Nilikuwa nimeshaondoka pale benchi, niko nyumbani kwetu, nikihesabu kila jambo upya.

Mtoto akishaanza kushuku, kila kitu kinamletea ushahidi. Mama alinikataza kubeba maji pampuni. "Usijiumize," alisema, na mimi nilikuwa nimeona jinsi mbuzi wa sikukuu anavyotunzwa asipate jeraha. Wakati wa kula, Papa alianza kunimegea tumbo la samaki, sehemu yenye mafuta, ambayo siku zote ilikuwa yake. Kisha kuni zikaja. Mafungu kwa mafungu, zilishushwa kutoka kwenye baiskeli na kupangwa ukutani, nyingi kuliko tulizowahi kuwa nazo. Niliuliza ni za nini, mama akasema ni za Jumapili ya shukrani. Aliniambia huku akigeuka upande mwingine.

Mchana mmoja mama alinisuka. Alikuwa akivuta nywele polepole kuliko kawaida yake, na tone moja likaniangukia shingoni. Nilidhani ni jasho. Likaja la pili.

"Mama, uko nalia?"

"Hapana." Akavuta kamasi. "Haiko mbali, unasikia? Ni nyuma tu ya kanisa. Nitapita kukuona kila siku."

Nyuma ya kanisa. Nilikwenda kuona, nikijifanya nafuata mpira wa Didi. Kulikuwa na uwanja wa pasta wetu, uliozungushiwa mianzi, na ndani yake, kati ya nyumba na choo, pale walipokuwa wakichoma takataka, kulikuwa na duara jeusi la majivu. Nilisimama nikalitazama mpaka mke wa pasta akanifukuza.

Pasta mwenyewe alikuja nyumbani mara mbili juma lile. Alikuwa mtu mwenye viatu safi hata wakati wa mvua, na sikuwahi kuelewa alipitia wapi. Alikaa kwenye kiti cha Papa, Papa akakaa kwenye kigoda. Safari hii sikio langu lilifaulu.

"Yeftha ni mutu wa imani," nilimsikia pasta akisema. "Alifungua kinywa mbele ya Bwana, hakurudi nyuma. Sasa wewe, papa, unataka kurudi ndani ya maji?"

"Hapana, Pasta."

"Alors, basi, ni Jumapili."

Nitakiri jambo ambalo limeniuma kuliko yote. Jioni ya siku ile Papa alikuwa anarudi kutoka ufukoni, na kikohozi chake kikasikika. Nilimshika Didi mabega. Alikuwa na miaka mitano, amevaa kaptula iliyomzidi. Nikamsukuma nje. "Nenda, kimbia, Papa amekuletea mukate," nilimwambia, nikajificha nyuma ya mlango. Kupitia ufa nilimwona Didi akikimbia na kaptula yake ameishika mkononi, na Papa akimnyanyua na kucheka. Lakini macho ya Papa yalimpita Didi, yakatafuta mlangoni. Nilielewa kwamba hesabu ilikuwa imeshafungwa na jina langu, na kwamba nilikuwa nimejaribu kumuuza mdogo wangu bure. Nilikaa pale nyuma ya mlango, na sikujua ninamwogopa nani zaidi, Papa au mimi mwenyewe.

Kilichobaki ni kuomba miezi miwili, kama yule binti. Kisangani hakuna milima. Nilifikiri sana juu ya hilo, nikaona Bengamisa itatosha, kwa kuwa koko wangu, mama mzaa mama, alikuwa na shamba kule na njia ya kwenda kwake ilipanda kidogo. Nilimkuta Papa uwanjani akisafisha plagi ya injini kwa kipande cha kitambaa.

"Papa, niko naomba miezi mbili."

"Ya nini?"

"Niende kwa koko, Bengamisa. Nilie kule. Kisha nitarudi, utafanya vile uliahidi."

Kitambaa kilisimama. "Nani amekuambia? Mama yako?"

Nilikuwa nimetumaini kwamba atacheka. Nilitikisa kichwa.

Papa akaitazama plagi kama iliyoandikwa jibu. "Miezi mbili ni mingi, mama mudogo. Pasta amesema ni Jumapili hii."

"Itaumiza?"

"Mwanzo, kidogo," alisema kwa sauti ya chini. "Kisha utazoea. Kuna batoto wengine wawili kule tayari, hawalie tena."

Mpaka leo, nikikumbuka jibu lile, mwili unanisisimka. Alisema ukweli mtupu, na kila neno liliingia kwangu likiwa jambo jingine. Niliwaona wale wawili, wamelala ndani ya duara la majivu, hawalii tena.

Siku iliyofuata mama alinituma kwa Yaya Odette na kitambaa cheupe, anipime nguo. Yaya aliweka cherehani yake kwenye baraza inayotazama barabara, na alipokuwa akifanya kazi alibana pini midomoni, ndiyo maana hapo watu hawakumlazimisha kuzungumza. Alinizungushia futi kifuani, akaandika. Akashuka kiunoni.

"Yaya," nilimwuliza, "hii kitambaa itaungua mbio?"

Alitoa pini. "Uwaambie watumie pa... pasi ya moto kidogo."

"Siko nasema pasi. Niko nasema siku Papa atanichoma."

Alicheka, kisha akaona uso wangu. Futi likamponyoka. Alipiga magoti hata macho yetu yakawa sawa, akasema nianze mwanzo. Nikamweleza yote: shati, matope, kuni, tumbo la samaki, majivu, watoto wawili, na Didi. Nilipofika kwa Didi nililia kweli, kwa mara ya kwanza. Yaya Odette hakunibembeleza. Alinisikiliza kama mtu mzima anavyomsikiliza mtu mzima mwenzake, akauliza mara mbili tu, "Pasta alisema hivyo? Yeye mwenyewe?" Kisha akafunika cherehani, akanishika mkono, tukaenda kwetu akiwa amejitupia futi shingoni.

Papa alikuwa uwanjani. Mama alikuwa jikoni, akiponda ndizi za lituma, ugali wetu wa ndizi.

"Papa," alisema Yaya Odette, "sa... sa... samahani. Hii mutoto anafikiri utamuchoma."

"Kumufanya nini?"

"Kumuchoma na moto. Kama Yeftha."

Mchi wa mama ulinyamaza. Papa alinitazama, na nikaona uso wake ukibadilika polepole, kama mtu anayesoma barua na kufika mahali pabaya. "Kumuchoma?" alisema. "Mimi? Mama mudogo, ni kwenda kukaa kwa Pasta! Kumutumikia Mungu! Nilisema ndani ya maji, kama nikitoka, mutoto wangu wa kwanza atakuwa wa Mungu. Pasta akasema basi akae kwake, atumike pale mpaka awe mukubwa. Masomo ataacha, lakini atasali, atafundishwa..." Akasita. "Nani atachoma mutoto wake?"

"Ulimuuliza yeye?" Yaya Odette alisema.

"Mutoto anaulizwa?"

"Na Mu... Mungu, alikuomba mutoto?"

"Aliniokoa."

"Ndiyo, alikuokoa. Lakini alikuomba?" Shingo yake ilikuwa imejaa mishipa kwa juhudi ya kutoa maneno. Papa, kama watu wote, alitaka kummalizia. Yeye akainua mkono kumzuia. Sikuwahi kumwona akimfanyia mtu mzima hivyo. "Niliwafundisha hawa batoto Jumapili, pengine huyu hakusikia. Usome habari yote. Yeftha anaongea, anaongea, anaongea. Mungu iko kimya. Hakumwambia toa. Na sheria yao yenyewe iliwapa njia ya kumukomboa mutu aliyewekwa nadhiri. Yeftha hakumuuliza mutu. Aliona haya kurudisha neno lake kuliko kupoteza mutoto wake."

"Neno langu limeshatoka, dada."

"Neno ni lako. Mutoto si neno."

Hapo mama alitoka jikoni. Wiki zote zile hakuwa amesema kitu, na mimi nilikuwa nimemshuku kwamba amekubali. Mikono yake ilikuwa imejaa ndizi. "Na mimi hukuniuliza," alimwambia Papa. "Nilinyamaza sababu niliogopa mto utakurudia. Lakini mimi ndiye nilibeba huyu mutoto. Ulimupa Mungu kitu ya nani?"

Papa aligeuka. Aliingia ndani akakaa kwenye kitanda, na hakutoka mpaka chakula kilipopoa. Mimi sikusogea karibu naye. Mtu akikuambia kwamba hatakuchoma, bado hujajua atakufanya nini.

Jumapili ikafika. Kuni zilikuwa zimetumika kupikia chakula cha watu wengi, kwa hiyo mafungu yalikuwa yameisha, na mimi nilivaa gauni langu la zamani kwa kuwa lile jeupe Yaya Odette hakulishona. Tulikaa mbele. Pasta alieleza kanisa lote jinsi Papa alivyotoka kwenye maji na jinsi alivyo mtu wa imani, kisha akamwita alete sadaka yake. Papa alisimama. Alinishika mkono. Niliutazama mlango wa pembeni na kupima nitaufikia kwa hatua ngapi.

"Niliahidi mubele ya Mungu," Papa alisema, "kitu ambayo haikuwa yangu. Nilikuwa na woga. Nilimutoa mutoto wangu ili mimi nipone. Leo nimekuja kuomba musamaha kwa Mungu, na kwa huyu mutoto, mubele yenu wote."

Akageuka na kupiga magoti mbele yangu. Baba yangu, mbele ya kanisa zima, katika suruali yake ya sikukuu. Watu waliguna. Mtu mmoja nyuma alicheka kwa aibu.

Pasta hakupandisha sauti. "Papa, simama. Neno lililotoka mbele ya Bwana halirudi. Unataka kuleta mukosi kwa nyumba yako?"

"Kama ni mutu wa kutumika, Pasta, niko hapa. Nitachota maji yako. Nitakata kuni. Paa inavuja, nitapanda mimi mwenyewe. Aliyefungua kinywa ni mimi."

"Wewe hapana," pasta alisema. "Ni mutoto."

Kisha mwanamke mmoja aliyekuwa akiuza kwanga, mkate wa muhogo, karibu na lango la kanisa, mtu ambaye sikuwahi kumsikia akisema lolote zaidi ya amina, aliuliza kutoka kwenye benchi lake: "Pasta, mutu muzima mwenye nguvu anajitoa. Sababu gani ni mutoto peke yake ndiye unataka?"

Pasta alianza kujibu. Alisema juu ya Yeftha, juu ya Samweli aliyepelekwa hekaluni akiwa mdogo, juu ya watu wenye imani nusu. Lakini niliona macho ya watu yakihama. Yalimwacha Papa, yakaenda kwenye ile pembe walipokaa wasichana wawili wa nyumba ya pasta, wakubwa kidogo kuliko mimi, waliouza beignet, yale maandazi yake, barabarani kila siku na ambao kila mtu alikuwa amewazoea. Walikuwa wameinamisha vichwa. Ndipo nilipoelewa ni watoto gani wawili ambao hawalii tena. Mama akanyanyuka, akambeba mchanga, akamshika Didi, akamwambia Papa, "Twende." Tukatoka. Yaya Odette alitoka nyuma yetu na watoto wa benchi tatu, kwa kuwa hakuna aliyewaambia wabaki.

Juma lililofuata mama wa mmoja wa wale wasichana alikuja kutoka ng'ambo ya mto na kumchukua mwanawe, mchana kweupe, bila kuaga. Wa pili alibaki, na siku moja pasta na nyumba yake yote walihama, wengine walisema Simi-Simi, wengine walisema mbali zaidi. Sijui alikuwa na nia gani nami. Nimewauliza watu wazima waliokuwapo na kila mmoja ana jibu lake. Labda alitaka tu mikono ya kuchota maji. Sikubahatika kuwa na uhakika, na nimejifunza kuishi bila uhakika huo.

Ningependa kuwaambia, ninyi mliokua na hadithi hizi, kwamba tangu siku ile kila kitu kilinyooka. Haikuwa hivyo. Watu wa mtaa walimtazama Papa kama nyumba yenye ufa. Injini ikiharibika: ni ile nadhiri. Mchele ukilowa: ni ile nadhiri. Didi alivunjika mkono kwa kuanguka mtini, shangazi yetu, dada yake Papa, akaja na kukaa na kutikisa kichwa. Papa aliendelea kupanda mashua, na kila alipopanda nilijua anaogopa, kwa sababu alinyamaza siku nzima kabla yake. Nami nilikuwa na shaka yangu, kubwa kuliko zao. Sikumshuku Papa tena sana. Nilimshuku Mungu. Nilisali kama mtu anayepita karibu na mbwa aliyelala. Yaya Odette aliniambia mara nyingi kwamba katika kitabu kile watu ndio wanaoumizana huku wakilitaja jina la Mungu, na kwamba yeye Mungu kila mara anarudi kwa sababu anasikia kilio. Nilimwitikia ndiyo, Yaya. Moyoni nilimwona Mungu akiwa amekaa mahali fulani na jina langu mkononi, akingoja.

Nilipokuwa na miaka kumi na mitano nilipata homa ya tumbo, ile mbaya inayotoboa utumbo. Wakanipeleka hospitali, wakanipasua. Nakumbuka mchana, joto, mapazia ya kijani, na sauti ya shangazi kwenye korido akimwambia mtu bila kujali nani anasikia: "Mungu amekuja kuchukua yake." Kisha sikumbuki tena siku kadhaa.

Nilipofungua macho jua lilikuwa juu ya ukuta mzima. Papa alikuwa kwenye kiti cha plastiki, ndevu zimemtoka nyeupe ambazo sikuwahi kuziona. Daktari alikuwa amepita na kusema kwamba nimeshavuka. Papa alikuwa analia bila kujificha. Mimi nilimtazama, na neno la kwanza lililonitoka, midomo ikiwa imekauka, halikuwa la shukrani.

"Papa. Umemuahidi nini?"

Alielewa papo hapo. Akavuta kiti karibu.

"Kitu hapana."

"Hata kimoja?"

"Yalifika hapa." Aligusa koo lake. "Siku ile wamekuingiza, maneno yalifika hapa kabisa, mama mudogo. Nilikuwa na woga kuliko ndani ya maji. Nikayameza." Akafuta uso kwa kiganja. "Nikamwambia tu: sina kitu ya kukupa, na huyu mutoto siwezi kumuahidi kwako wala kwa mutu. Unihurumie. Hivyo tu. Nikarudia hivyo tu, siku tatu."

"Na alikujibu?"

"Hakusema neno," Papa alisema. "Wewe ulipumua."

Alinilowesha midomo kwa kitambaa. Nilimtafuta usoni, kama nilivyozoea kumtafuta tangu utoto, mahali ambapo pengine amenificha kitu, na sikukiona. Kisha nikafumba macho yangu yote mawili mbele ya baba yangu na kulala.